Kununua na Kupanda Matunguu ya Blubeli

Ninyi mnaozungumza Kiswahili na mmeweka makazi yenu Uingereza mmekwisha kuona jinsi misitu ya nchi hii inavyogeuka zulia la buluu kila Aprili na Mei. Ua hilo ni blubeli. Wengi hutamani kuwa nalo nyuma ya nyumba, na si vigumu kulipata, kwani huota kutokana na tunguu linalofanana na kitunguu kidogo. Hata hivyo, mnunuzi asiyejihadhari hupata hasara, na pengine madhara.

Jambo la kwanza ni kujua mnachonunua. Ziko blubeli za asili ya nchi hii na blubeli za Hispania. Ile ya asili huinamisha shina lake, maua yake hulala upande mmoja, hunukia vizuri, na chavua yake ni nyeupe ya maziwa. Ile ya Hispania husimama wima, maua huizunguka pande zote, majani yake ni mapana zaidi, na harufu yake ni hafifu. Zikichanganyika huzaa chotara, na ile ya asili huzidi kudidimia. Kwa kuwa matunguu yake ni vigumu kuyatofautisha kwa macho, someni lebo: ya asili huandikwa Hyacinthoides non-scripta, na ya Hispania Hyacinthoides hispanica. Lebo isiyo na jina kamili isiwatoshe.

Jambo la pili ni asili ya bidhaa. Kwa Sheria ya Viumbe Pori ya mwaka 1981, ni kosa kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi. Tangu mwaka 1998, kuuza blubeli zilizochimbwa porini bila leseni kumepigwa marufuku. Muulizeni muuzaji kama matunguu yake yameoteshwa shambani. Anayesitasita kujibu, mwacheni na mali yake.

Jambo la tatu ni haki zenu. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha na ilingane na maelezo yake. Mkikuta matunguu yameoza au yamekauka, mnazo siku 30 za kuyakataa na kurudishiwa fedha. Lakini tunguu linalopandwa Oktoba halionyeshi ua lake hadi Aprili au Mei, siku hizo zikiwa zimekwisha pita. Haki haijafa kwa sababu hiyo. Kasoro ikionekana ndani ya miezi 6, huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mlipouziwa, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya hapo, mzigo wa kuthibitisha ni wenu. Kwa hiyo tunzeni risiti na lebo, na mpige picha maua yanapochanua.

Tukija kwenye upandaji, kazi yenyewe ni nyepesi. Pandeni kati ya Septemba na Novemba, mahali penye kivuli chepesi, hasa chini ya miti ipukutishayo majani. Udongo uwe na mboji, ushike unyevu, lakini usituamishe maji. Fukieni kila tunguu kina cha sentimita 10 hivi, ncha ikielekea juu, na nafasi kama hiyo kati ya moja na jingine. Maua yakiisha, msikate majani mpaka yawe ya manjano, kwani ndiyo yanayolilisha tunguu kwa mwaka ujao. Msiyakanyage pia. Yakizidi, msiyatupe msituni.

Tunamalizia na lililo kubwa kuliko yote. Kila sehemu ya blubeli ina sumu, na utomvu wake huwasha ngozi. Vaeni glavu. Msiyahifadhi matunguu jikoni karibu na vitunguu hata kwa usiku mmoja, wala msiyaache mahali watoto wanapoyafikia. Mtu akila, pigeni simu 111 mara moja, akizidiwa, 999.

Bustani njema huanza dukani, kwa swali moja lililoulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.