Sare Mpya Kupita Kiasi

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita niliitwa na kikundi kimoja cha maigizo hapa Dar es Salaam. Wanatayarisha mchezo juu ya Vita Kuu ya Kwanza, na walitaka mtu wa kuwaambia kama sare alizoshona fundi wao zinafanana na zile za askari wa Mjerumani. Mimi si mwanahistoria, ila picha za askari wale nimezitazama kwa miaka mingi.

Sare kumi na mbili zilikuwa zimetundikwa ukutani, zimepigwa pasi. Fundi, mtu mzima aliyenizidi umri, alisimama kando na tepu yake shingoni. "Haya mwanangu, sema," akaniambia.

Nilimwomba uzi mmoja, nikauwasha kwa kiberiti. Ulijikunja ukawa punje nyeusi, ngumu. Tetroni hiyo! Kaki ya 1914 ilikuwa ya pamba, na pamba huungua ikaacha majivu laini. Suruali nazo zilikuwa na zipu badala ya vifungo. Kuhusu kofia, mzee alisema alikwenda kuitazama Sanamu ya Askari pale mjini. Shikamoo yake kwa juhudi hiyo, lakini sanamu ile iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari wa Mwingereza. Wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye kipande cha kukinga kisogo, na nembo ya tai mbele.

Hayo yanarekebishika. Lililonisumbua ni kwamba mchezo unaanzia Tanga, Novemba 1914, na unaishia Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 1918. Miaka minne, na sare ni zile zile, hata kola haijachakaa!

Mwingereza alikuwa ameziba bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya kutoka Ujerumani, mwaka 1915 na 1916. Nguo zilipokwisha, vitambaa vilifumwa hapa hapa na kutiwa rangi ya miti, na viatu vikatengenezwa kwa ngozi za humu humu. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi hilo lilivuka Ruvuma, likaiteka ngome ya Wareno pale Negomano, na askari wakavaa nguo za Wareno na kubeba bunduki zao. Kwa hiyo askari wa 1918 aliyevaa sare kamili ya Kijerumani, safi, ndiye wa bandia.

Kiongozi wa kikundi hakufurahi. "Watazamaji watasema hatuna pesa," alilalamika. Nikamuuliza wapagazi watavaa nini. Akanijibu kuwa katika mchezo hawamo.

Hapo, msikilizaji, nilikasirika kidogo. Wapagazi waliwazidi askari kwa mbali, na walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Unaigizaje vita vile jukwaani bila mtu mwenye mzigo kichwani?

Tulibishana hadi magharibi. Nilipoaga, kiongozi alikuwa bado amenuna, lakini mzee fundi alikwisha fumua zipu ya tatu. Akaniuliza kama najua mahali yanapouzwa mablanketi makuukuu, yaliyotoboka.