Mtoto mnene ni mtoto mzima?

Somo: Danieli 1:8-16



Danieli na wenzake watatu walikataa chakula cha mfalme. Wakaomba mboga na maji kwa siku 10, na nyuso zao zikapendeza kuliko za vijana wengine. Afya yao haikutoka kwenye meza ya kitajiri.

Kwetu, mtoto akiwa na mashavu makubwa tunasema: "Mama huyu amebarikiwa." Tuangalie vizuri. Kuna unene wa namna mbili unaotudanganya.

Wa kwanza ni uvimbe. Mtoto anakula bugali ya muhogo peke yake kila siku. Miguu na uso vinavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza. Hiyo ni kwashiorkor. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili, sekunde tatu. Kishimo kikibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiseme amelogwa. Tutaomba pamoja nawe, lakini tutaomba tukiwa njiani.

Wa pili ni mafuta yanayozidi mwilini. Tunauona zaidi mjini, lakini unapanda hata huku. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina sukari karibu vijiko vidogo 8. Mtoto akiinywa kila siku, pamoja na biskwi na bombo, na kukaa mbele ya telefone, mwili unaweka akiba. Kesho kisukari na tansio vinamngojea. Mwaka 2022, OMS ilihesabu watoto milioni 37 chini ya miaka 5 wenye uzito uliozidi duniani.

Wazazi, dawa ya yote mawili iko shambani. Tunapakia maharagi yote kwenye gari, kisha kwa franka zile tunanunua biskwi! Acheni sehemu nyumbani. Mtoto anyonye ziwa la mama peke yake miezi 6. Kisha uji wa mahindi na soja, huku akinyonya mpaka miaka 2. Pamoja na uji huo, maharagi, lengalenga, sombe, ndagala, avoka, na maji safi. Acheze saa nzima kila siku. Aliyenenepa msimcheke, wala msimnyime chakula: badilisheni chakula cha nyumba nzima.

Waliokimbia vita hawana shamba. Juma hili, kila nyumba yenye mavuno ipelekee nyumba moja ya wakimbizi bakuli la maharagi.

Mungu awabariki.