Ini Lina Mafuta? Uliza Limepimwa Vipi

Ndugu msikilizaji, najua saa hizi mwingine uko jikoni, mwingine umekwama kwenye daladala, na yupo aliyekwisha kufungua soda ya pili. Iweke chini unisikilize. Kuna tabia imenichosha: mtu anashika majibu ya vipimo viwili visivyofanana, anayalinganisha, kisha anatangaza kwamba dawa ya kusafisha ini imemponya.

Juzi baba mmoja alikuja na bahasha mbili. Ya kwanza altrasaundi: ini lina mafuta. Akanywa mitishamba ya chupa. Ya pili MRI ya picha mbili: mafuta hayaonekani. Basi, mazoezi akaacha, chipsi mayai za usiku zikarudi! Na chini ya karatasi hiyohiyo imeandikwa kwamba ini limejaa madini ya chuma, maana ameongezewa damu mara nyingi. Hakuusoma mstari huo. Aliyemuuzia chupa naye hakuusoma.

MRI husikiliza haidrojeni iliyomo kwenye maji na kwenye mafuta. Ya mafuta huzunguka taratibu kidogo kuliko ya maji, hivyo kuna wakati sauti zao huungana na wakati hupingana. Mwaka 1984 Mmarekani Thomas Dixon alionyesha namna ya kuitumia tofauti hiyo: picha moja zikipingana, nyingine zikiungana. Ini likififia kwenye ile ya kupingana, mafuta yapo. Lakini kwa kawaida picha ya kuungana huchukuliwa baadaye, milisekunde chache tu, na chuma huififisha hiyo zaidi. Picha mbili zinafanana, mafuta yamejificha! Wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara, mmenisikia?

Ipo njia nyingine ya MRI, spektroskopia. Hiyo ni makini sana, inapima maji na mafuta kila kimoja peke yake, ila katika kisanduku cha sentimita mbili tatu tu. Mafuta hayasambai sawasawa kwenye ini. Mwakani kisanduku kikiwekwa pengine, namba inaweza kubadilika bila wewe kubadilika.

Ninayoitetea mimi ni MRI ile inayotoa asilimia ya mafuta kwa ini zima. Inachukua miangwi kadhaa ya sauti hizo, mara nyingi sita, inasahihisha athari ya chuma, na unabana pumzi mara moja tu. Haihitaji sindano ya dawa ya rangi. Ukifika kama asilimia 5, tunasema ini limeanza kuwa na mafuta. Altrasaundi ya kawaida mara nyingi haiyaoni mafuta machache hivyo, na wewe ukiambiwa “ini safi” unaenda kuagiza bia!

Wala sisemi uuze mbuzi ukapige MRI. Mwenye kisukari na kitambi aanze leo kupunguza uzito. Hata asilimia 5 ya uzito ikipungua, mafuta ya ini hupungua. Na hizo chupa, baadhi ya mitishamba yenyewe huumiza ini. Mnaambiwa, mnanunua tena.

Ukirudia kipimo, rudia njia ileile, na ikiwezekana mashine ileile. Muulize daktari: asilimia ngapi, na imepatikana kwa njia gani? Na makovu je? Asilimia ya mafuta haisemi lolote kuhusu makovu. Makovu hulifanya ini gumu, na ugumu huo una kipimo chake, nacho kiulizie kwa jina lake: elastografia.