Siku Moja Uje Bila Ndoo
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani, Masasi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuishi vizuri na watu mahali pa kazi. Nitasimulia habari za mtu mmoja tu, Padre wa Kikatoliki aliyekuwa Paroko kule Newala. Mimi ni Mwislamu, kama mnijuavyo, na sikusudii kumbatiza mtu hapa wala kumsilimisha. Huku kwetu dini zimekaa pamoja siku nyingi: Waanglikana wapo Masasi tangu mwaka 1876, Wabenediktini wapo Ndanda tangu 1906, na Waislamu tumo katika koo zile zile.

Mwaka 2006 nilitoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikapangiwa kazi ya Bwana Shamba Newala. Wanaoijua Newala wanaijua shida yake. Huko juu kwa Wamakonde ardhi ni ya mchanga, mvua ikinyesha maji huzama chini. Mabomba yakikauka, mtu humtafuta mwenye tangi la kukinga maji ya bati. Misheni walikuwa nalo. Nikaenda na ndoo, nikapewa. Nikarudi, nikapewa. Mara ya nne Paroko mwenyewe alinijazia, kisha akasema, "Bwana Shamba, siku moja uje bila ndoo."

Niliona haya. Ulipita mwezi mzima kabla sijaenda, maana sikujua asiye Mkristo anakwenda kwa Padre kufanya nini. Tena nilikosea siku: nilikwenda Jumapili mchana, nikamkuta ametoka kusoma misa mbili, moja kigangoni, amechoka hata kula hawezi. Vijana, Jumapili kwa Padre si siku ya mapumziko! Baadaye nikajua kuwa jioni za Jumatatu ndizo zake. Tulikaa barazani, tukala mihogo, tukabishana habari za mpira na mikorosho. Mikorosho ya misheni ilikuwa ikipulizwa salfa mchana, upepo ukiipeleka kwa jirani. Nikamwambia wazi kwamba salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Akamwita kijana wa shamba pale pale. Mjomba wangu aliposikia naenda huko kila wiki aliniuliza kama nimekwisha pewa jina jipya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa tatu niliandika taarifa ya ukaguzi wa ubwiri unga vijijini. Kijiji kimoja sikufika. Pikipiki ilikuwa mbovu, nikaandika kwa kukisia. Jumatatu ile Padre alinimiminia chai, akasema, "Nilikuwa kigangoni huko. Watu wameniuliza Bwana Shamba ana sura gani." Hakuongeza neno. Maua ya mikorosho ya kijiji kile yalikuwa yamekwisha kuwa meusi.

Siwafichi, nilikasirika. Nilijiambia, huyu ananiingilia kazi ya Serikali. Wiki mbili sikukanyaga kwake. Lakini ofisini taarifa ile ilikuwa imepokelewa bila swali, na wanakijiji wasingethubutu kunisema. Nani mwingine angeniambia? Nikaazima baiskeli, nikaenda, nikaomba radhi mbele ya watu, nikaandika taarifa upya. Msimu ule hawakuvuna cha maana, na hilo sikuweza kulirudisha. Niliporudi kwa Padre aliniuliza tu kama nimekula.

Mwalimu Nyerere alipofundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946, mkuu wa shule alikuwa Padre Richard Walsh, na Padre huyo ni mmoja wa waliomsaidia kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Wengi mkisikia hayo hudhani urafiki na Padre ni mlango wa ng'ambo. Mimi sikumwomba barua hata moja. Naye waumini wake walipomtuma aniombee wapewe salfa kwanza, aliwaambia wapange foleni.

Mwaka 2013 Askofu alimhamisha. Nilimsaidia kufunga vitabu, tukaagana. Wiki mbili baadaye nikasikia Paroko mpya amefika. Mabomba siku hizo yalikuwa yakitoa maji vizuri. Nikaenda Jumatatu jioni, mikono mitupu. Hakuwapo, mpishi akaniambia yuko kigangoni, nirudi Jumatano.