Kiti cha Mkwezi: Kuazima na Kumiliki Vifaa Saidizi katika Mchanga wa Ushongo

Wazee wangu, mmetoka Ushongo alfajiri mkavuka kwa kivuko cha Pangani ili mnisikilize.

Katika kila kijiji cha mwambao ninachokijua, msikiti una jeneza. Halina mwenyewe. Msiba ukitokea, vijana hulibeba hadi nyumba ya marehemu, huenda nalo makaburini, kisha hulirudisha mahali pake. Hakuna anayeandika barua ya maombi, wala anayeulizwa kipato chake. Majamvi ya matanga na masufuria makubwa ya shughuli huenda mwendo huohuo. Lugha yetu imelipa jambo hili neno lake: mchele unaukopa, ukalipa mchele mwingine, sufuria unaiazima, ukarudisha ileile. Nimekuja kuzungumza juu ya kuazima.

Mjomba wangu, wa hukohuko Ushongo, alikuwa mkwezi wa minazi. Siku moja alianguka, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo hakuihisi tena miguu yake. Baada ya miezi mingi alipata kiti cha magurudumu kutoka kwa watu waliomtakia heri. Kilikuwa kiti cha wodini, kilichoundwa kwa sakafu ya vigae. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa madogo, membamba, ya mpira mgumu. Nje ya mlango wa mjomba ni mchanga mtupu hadi pwani; magurudumu yale yalizama papo hapo, naye akaanguka kifudifudi mbele ya watoto. Tairi la nyuma lilipopasuka, fundi baiskeli alijaribu kila tairi alilokuwa nalo, lisiingie hata moja, kwa kuwa kipimo cha gurudumu lile hakikuwa cha baiskeli zetu. Chumvi ikala beringi. Mwaka haukwisha kuku wakawa wanatagia kwenye kiti, na mjomba akarudi kubebwa mgongoni na sisi wapwa zake. Nilijua uzito wake, na nilijua haya aliyoiona kila alipolazimika kuniomba nimpeleke chooni.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Linasema kiti kinachofaa ni kile kinachoendana na mwili wa mtumiaji na mazingira anamoishi, na kinachoweza kutengenezwa hukohuko kikiharibika. Linasisitiza pia mto wa kukalia, na naomba wanafunzi wangu walishike hili. Mtu asiye na hisia makalioni haumii akikaa vibaya. Kidonda huanza kama doa, huchimba hadi mfupani, na huua. Hapo mfano wangu wa jeneza unafika ukomo: jeneza moja huwafaa wote, kiti kimoja hakiwezi.

Kwa hiyo tutenganishe. Aliyevunjika mguu anahitaji magongo kwa wiki kadhaa, aazime. Mtoto anayejifunza kusimama kwa fremu ataipita kimo mapema, na mwenzake mdogo yuko nyumba ya tatu, naye aazime. Bali mguu bandia, shimesikio, na kiti cha mtu atakayekikalia kutwa, hivyo hupimwa kwa mwenyewe na vinapaswa kuwa vyake maadamu anavihitaji. Norwe wameviunganisha vyote viwili: serikali humwazima mtu kifaa kilichorekebishwa kwa ajili yake, hukaa nacho hata miaka ishirini akikihitaji, kikirudi hukarabatiwa na kupewa mwingine. Wao wana fedha, najua. Lakini utaratibu wa kitu kisicho na mwenyewe hawakutufundisha wao.

Mwaka 1980 mhandisi Mmarekani, Ralf Hotchkiss, ambaye mwenyewe anatumia kiti, alikuta Nikaragua vijana wanne wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Alikwenda kufundisha, akakuta wamekwisha kukitengeneza na kukiboresha kwa akili zao. Baadaye, katika viti alivyovibuni pamoja na mafundi wa nchi nyingi, gurudumu la mbele lililotumika ni pana, la mpira laini, lisilozama kwa urahisi. Linaitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa sababu lilizaliwa huko. Dawa ya mchanga wa Ushongo ilipatikana Afrika.

Hata mafundi tunao. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya kujiinua kiuchumi, na ni jambo jema, ila anayetakiwa kufuata fomu Pangani mjini lazima kwanza atoke kitandani, avuke mchanga, kisha ashuke hadi kwenye kivuko. Kifaa hutangulia mkopo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu kati ya 100 wenye uhitaji wanaopata vifaa hivi.

Pendekezo langu kwa wazee ni dogo. Tengeni chumba kimoja chenye mlango mpana, kisicho na kizingiti. Wekeni magongo, fremu, kopo la grisi, spoki, na daftari la kuandika nani amechukua nini na kimerudi na kasoro gani. Anayetunza chumba awe mtu mwenye ulemavu, alipwe. Kikundi chake cha watu wenye ulemavu kikiomba ule mkopo wa halmashauri, kiuombee karakana: kitengeneze viti, na baiskeli za kijiji pia, maana baiskeli ndizo zitakazokipa fedha ya kila siku.

Mjomba alifariki bila kupata kiti kingine. Kile cha kwanza kimevuka leo pamoja nanyi, nacho ni hicho hapo kando ya jukwaa. Fremu bado nzima. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wataanza kukifungua kesho asubuhi, kwanza magurudumu ya mbele.