Bangi na Kazi Yetu
(Maneno yaliyosemwa kwa wafanya kazi, Dabaso)



Reli haifiki Dabaso, lakini wengi wetu tulio relini kwetu ni huku. Nanyi mliobaki mwafanya kazi mahotelini Watamu, baharini, kwenye machimbo ya mawe, na juu ya pikipiki katika barabara ya Malindi. Tumeombwa tuseme juu ya bangi, maana wanachama huuliza kila mara: je, ina hatari au haina?

Majibu mawili husikika. Wa kwanza husema ni majani tu, hayana neno. Wa pili husema pafu moja lamtia mtu wazimu. Sisi twaona wote wawili wamepita kiasi. Tena kijana akigundua kwamba wa pili amemdanganya, humwamini wa kwanza kwa yote. Basi na tupime.

Tuanze na upande mwepesi. Bangi peke yake haimuui mtu kwa kuzidisha kipimo kama heroini iuavyo. Kifo cha namna hiyo ni nadra mno. Mwaka 2017 mabingwa wa Marekani walipitia uchunguzi mwingi, wakakuta kwamba dawa za mmea huu zaweza kupunguza maumivu ya muda mrefu kwa watu wazima. Lakini dawa aliyoipima daktari si msokoto wa kununua kichochoroni.

Sasa upande mzito. Moshi wake una lami kama wa tumbaku, na mvutaji wa kila siku hupata kikohozi na makohozi. Moyo hupiga mbio. Mama mjamzito akivuta, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kama mtu 1 katika 10 wanaojaribu hushikwa asiweze kuacha, na wanaoanza wangali wadogo hushikwa zaidi. Ugonjwa wa akili hauwapati wote, lakini hatari huongezeka kwa anayeanza mapema, anayevuta kali kila siku, na aliye na ugonjwa huo katika ukoo wake. Na hapa pwani kuna ile kokteli, bangi iliyochanganywa na heroini. Anayeikubali hajui tena anachovuta.

Ndugu, kwetu wafanya kazi jambo kubwa ni usalama wa wenzetu. Bangi hupunguza wepesi wa macho na mikono, na hukoroga hesabu ya muda na umbali. Ikivutwa, hali hiyo hudumu saa kadhaa. Ikiliwa, huchelewa kupanda na hudumu zaidi.

Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, Marekani, injini tatu za mizigo zilipita ishara ya kusimama zikaingia mbele ya treni ya abiria iliyokuwa ikienda zaidi ya maili 100 kwa saa. Watu 16 walikufa. Dereva wa injini zile na mwenzake walikuwa wamevuta bangi. Tena filimbi ya kuonya ndani ya injini ilikuwa imezibwa kwa utepe. Twajifunza mambo mawili: mvutaji hulipiza abiria asiyemjua, na chombo kibovu kikikutana na kichwa kizito, hakuna wa kuokoa. Kwa hiyo tukidai mikono safi ya mfanya kazi, tudai pia vyombo vizima vya mwajiri.

Na sheria je? Katika Kenya bangi ni kosa, kwa sheria ya mwaka 1994 iliyorekebishwa mwaka 2022. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwajiri nafasi ya kumfukuza mara moja aliyelewa kazini hata asiweze kazi yake. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema lazima kwanza aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Msikubali mtu afukuzwe mlangoni bila kusikilizwa.

Basi twashauri hivi. Asiyevuta asianze, hasa kijana. Anayevuta asiguse usukani, mashua, shoka wala mashine siku hiyo, na asichanganye na pombe. Aliyeshindwa kuacha, aje kwa mjumbe mapema, kabla ya ajali, tumpeleke hospitali. Wala tusimcheke, maana aliyechekwa hujificha, na aliyejificha ndiye atakayeshika breki kesho akiwa hajiwezi.

Chama hakikuundwa kulinda mshahara tu. Kimeundwa ili kila aliyetoka nyumbani asubuhi arudi jioni mzima.