Pumziko la Kijana Mfanyakazi



Vijana wetu hutoka Laela, Matai na Namanyere, huja Sumbawanga au huenda hadi Mbeya na Dar es Salaam kutafuta ajira. Wengi huandamwa na kazi katika simu: maagizo huingia usiku, hata Jumapili. Baadhi ya waajiri wa mijini huwapa programu za simu zenye ushauri juu ya usingizi, mazoezi na msongo wa mawazo. Ni jambo jema. Lakini mwajiri anayemwamsha kijana usiku hawezi kumrudishia usingizi kwa ushauri.

Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba pumziko lilingane na nguvu alizotumia mfanyakazi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kipimo: saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, pumziko, kwa kawaida, saa 12 mfululizo kila siku na 24 kila juma. Saa za ziada ni kwa makubaliano na malipo.

Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Basi kijana aulize kwanza: nitakayoyaandika humu atayasoma nani?

Nasi tulioajiri vijana madukani na majumbani, tujipime. Tusidai kwa wengine haki tunayoinyima milangoni petu.